Kabla Hujainuka Mezani

Nawaandikia hasa ninyi wa Dallas, Fort Worth, Houston na Abilene ambao Jumapili mkitoka ibadani huunganisha meza tatu, mkaagiza mbavu za ng'ombe na maji ya limau, mkapiga soga hadi saa kumi alasiri. Endeleeni hivyo hivyo. Kula pamoja ni katika mambo machache tuliyovuka nayo bahari bila kulipia mzigo. Ombi langu linahusu zile dakika tano za mwisho, bili inapoletwa na ghafla kila mtu anakumbuka kuangalia simu yake.

Binti aliyewahudumia, aliyerudi jikoni mara tatu kwa sababu Mzee anataka pilipili ya kweli na si ile ya chupa, yuko chini ya sheria ya mshahara ambayo wengi wetu hatujawahi kuelezwa. Kwa sheria ya shirikisho, ambayo ndiyo inayofuatwa hapa Texas, mwajiri anaruhusiwa kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa. Kiasi hicho hakijapanda tangu 1991. Kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25, nacho kimesimama palepale tangu Julai 2009. Pengo lililobaki, dola 5.12 kila saa, sheria inategemea lizibwe na ninyi mliokaa mezani. Bakshishi zisipofika hapo, mwajiri anatakiwa ajazie. Ndivyo ilivyoandikwa. Ila hesabu hiyo hufanywa kwa wiki nzima ya kazi, kwa hiyo Ijumaa yenye neema hufunika Jumatatu kavu, na meza iliyoinuka bila kuacha kitu haionekani popote katika vitabu vya mwajiri.

Majimbo saba yamekataa mpango huu: California, Nevada, Oregon, Washington, Alaska, Montana na Minnesota. Jamaa zetu wa Minneapolis wakienda kula, mhudumu wao ameshalipwa kima kamili cha jimbo kabla ya bakshishi kuanza kuhesabiwa. Akija kutembea huku Texas, shemeji yako wa Minnesota anaweza kubisha. Mweleze taratibu kwamba amevuka mpaka.

Wengi wetu tumekulia kwenye desturi nyingine. Dar, Mombasa au Bukavu, ukimwambia mhudumu "baki na chenji" umemfanyia hisani, na ukiichukua chenji yako yote hujamdhulumu mtu. Ana mshahara wake. Ni mdogo, lakini alipopatana na tajiri wake wewe hukuwamo katika mapatano. Hapa umo tangu siku ya kwanza. Bei unayoisoma kwenye menyu haina ndani yake ujira kamili wa aliyekuletea sahani. Ukilipa bei hiyo ukaondoka, umelipia chakula na hujalipia miguu iliyokileta.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo nililijua nilipobeba sahani mwenyewe katika jimbo hili. Migahawa mingi humtaka mhudumu agawane bakshishi na anayefuta meza, anayemimina vinywaji na anayewapokea wageni mlangoni, na mara nyingi mgawo huo hukokotolewa kwa mauzo yake badala ya kile alichopokea. Chukua meza iliyokula kwa dola 300, na mgawo wa asilimia 3. Mhudumu anatoa dola 9 hata kama wageni hao hawakumwachia senti. Saa tatu za kukimbia huku na huko, kisha anatoa fedha mfukoni mwake kwa ajili ya wageni waliomuita "binti yangu" jioni nzima.

Mpango huu una historia, na historia hiyo inatugusa kwa rangi zetu. Bakshishi ililetwa Marekani katika karne ya 19 na matajiri waliokuwa wakitembelea Ulaya, na Wamarekani wengi waliichukia. Waliona ni tabia ya mabwana na vijakazi. Jimbo la Washington liliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1909, majimbo mengine yakafuata, na kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Waliofaidika ni waajiri waliogundua kwamba mteja anaweza kubebeshwa mishahara. George Pullman, mwenye kampuni ya mabehewa ya kulala, aliajiri watu weusi waliokuwa wametoka utumwani muda mfupi tu, akawalipa kidogo mno, akawaachia abiria wamalizie. Abiria walizoea kumwita kila mhudumu "George," jina la tajiri, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Wahudumu hao waliunda chama mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na ikawachukua miaka kumi na miwili kupata mkataba wao wa kwanza na kampuni. Sheria ya kazi ya 1938 iliweka kima cha chini cha mshahara lakini ikawaacha nje wafanyakazi wengi wa migahawa na hoteli. Walipoingizwa mwaka 1966, waliingizwa kwa nusu: mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara anaodaiwa. Zile 2.13 zimezaliwa humo.

Basi tuacheni bakshishi mezani, na tukiweza tuache taslimu.

Nasema taslimu kwa sababu za kawaida kabisa. Bakshishi ya kadi hupitia kwa mwajiri. Sheria ya shirikisho inamruhusu akate humo sehemu ya ada anayotozwa na kampuni ya kadi. California ni miongoni mwa majimbo yaliyokataza jambo hilo. Kwenye bakshishi ya dola 20 makato yanaweza kuwa senti hamsini au sitini, kiasi cha kucheka, mpaka uzidishe kwa meza za mwaka mzima. Kisha kuna kusubiri. Fedha ya kadi inaweza kungoja hadi siku ya mshahara, ilhali anayemlelea mtoto wake anataka kulipwa leo usiku, na gari lake linataka mafuta leo usiku. Noti aliyoishika mkononi inamaliza shida hiyo kabla hajafika nyumbani. Na ukimpa mtu kitu mkononi unalazimika kumtazama usoni. Mashine ya kadi haina lazima hiyo.

Kiasi gani? Asilimia 15 ni ya chini, 18 hadi 20 ni ya watu waliohudumiwa vizuri. Kwa wasiopenda hesabu, Texas imetupa njia ya mkato: katika miji yetu mikubwa kodi ya mauzo ni asilimia 8.25, na imeandikwa kwenye bili. Izidishe mara mbili, ongeza dola moja au mbili, umemaliza. Kadi inaweza kulipia chakula na noti zikalipia huduma. Hakuna ubaya kuandika sifuri kwenye mstari wa bakshishi ya kadi, ila mwambie mhudumu kwamba umeweka taslimu, asije akaogopa bure.

Sisemi uache bakshishi kila mahali. Siku hizi hata ukinunua chupa ya maji kwenye kibanda, kijana anakugeuzia kioo chenye asilimia 18, 20 na 25, na watu wanne nyuma yako wanachungulia. Mimi hubonyeza "hapana" bila aibu. Huyo kwa kawaida analipwa mshahara wa saa kama watu wengine, na alichofanya ni kunyoosha mkono. Chakula cha kubeba nakiacha kwa dhamiri ya kila mtu. Lakini yule aliyekaa na meza yako saa mbili, huyo ni deni. Vilevile dada zetu wanaosafisha vyumba vya hoteli, na tunajua ni wangapi kati yao walifika hapa kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma: waachieni dola chache kila asubuhi, si siku ya mwisho tu, maana anayesafisha leo huenda si yule atakayekuja kesho.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Mkiwa watu sita au wanane na zaidi, migahawa mingi huongeza yenyewe asilimia 18 au 20 kwenye bili, na mnadhani mmeshamaliza. Someni maneno yaliyoandikwa. Tangu 2014 idara ya kodi ya shirikisho, IRS, imekuwa ikisimamia kanuni kwamba fedha iliyoongezwa kwa lazima si bakshishi. Ni ada ya huduma, ni mapato ya mgahawa, na mhudumu akipewa sehemu yake inahesabiwa kuwa mshahara. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwenye mgahawa kumpa mhudumu ada hiyo. Wengi huwapa, wengine huwapa nusu, na wapo wanaoichukua yote. Muulizeni mhudumu kwa sauti ya chini: hii inakufikia? Swali halina ufidhuli, na akisita kujibu mmeshapata jibu.

Sasa niingie kwenye kodi, kwa sababu nikitaja taslimu tu, kuna msomaji anakonyeza jicho. "Taslimu haina kodi," anasema. Ina kodi, na imekuwa nayo siku zote. Anayepokea bakshishi za dola 20 au zaidi kwa mwezi katika kazi moja anatakiwa amwarifu mwajiri wake kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, ziwe za kadi au za noti. Kilichobadilika karibuni ni kiasi gani cha kodi hiyo kinasamehewa, na hapo pana kelele nyingi kuliko uelewa.

Ahadi ilitolewa Las Vegas, mji ambao kura zake zinabeba trei. Juni 2024 Donald Trump, akiwa mgombea, alisema hapo kwamba ataondoa kodi ya bakshishi. Agosti Kamala Harris akafika mji huohuo akaahidi jambo hilohilo. Wanasiasa wasioafikiana hata kuhusu hali ya hewa walipoafikiana kuhusu bakshishi, nilijua ni jambo rahisi kwao kulitoa. Sheria ilisainiwa tarehe 4 Julai 2025. Inamruhusu mfanyakazi kuondoa hadi dola 25,000 za bakshishi katika mapato yanayotozwa kodi ya mapato ya shirikisho, kuanzia mwaka wa kodi 2025 hadi 2028. Nafuu inaanza kupunguzwa kwa anayepata zaidi ya dola 150,000, au 300,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja. Wanandoa wanaojaza kila mtu yake hawaipati kabisa. Lazima uwe na nambari ya Social Security inayoruhusu kazi, kwa hiyo ndugu zetu wanaolipa kodi kwa nambari ya ITIN kwa kukosa hiyo wamefungiwa nje. Bakshishi za kadi zimo pamoja na za noti. Ada ya lazima niliyoitaja juu haimo. Na makato ya Social Security na Medicare, asilimia 7.65, yanaendelea kama zamani.

Je, ni haki? Wasomaji kadhaa wameniuliza msimamo wangu, nami siufichi: bakshishi ni ujira na itozwe kama ujira mwingine, na ujira mdogo, wa aina yoyote ile, usitozwe.

Tazama mgahawa uleule. Mhudumu asiye na mwenza amepata dola 45,000 mwaka 2025, na 20,000 kati ya hizo ni bakshishi. Mpishi aliye nyuma ya ukuta, asiye na mwenza vilevile, amepata dola 45,000 za mshahara mtupu. Kila mmoja anaondoa dola 15,750 ambazo mtu wa peke yake anasamehewa. Mpishi anadaiwa kodi ya mapato ya karibu dola 3,270. Mhudumu, baada ya kuondoa bakshishi zake, anadaiwa 925. Mapato sawa, jengo moja, moshi mmoja. Mpishi akifanya saa za ziada, sheria hiyohiyo imemwekea nafuu nyingine, lakini ni kwa ile nusu ya nyongeza inayolipwa juu ya mshahara wa kawaida, na aliyekatazwa saa za ziada hapati kitu. Mwosha vyombo hatajwi na mwanasiasa yeyote. Tena, mgahawa unaolipa 2.13 hauruhusiwi kuwalazimisha wahudumu wagawane bakshishi na jikoni. Unaoruhusiwa ni ule unaomlipa kila mtu kima kamili. Kwa hiyo hapa Texas mpishi na mwosha vyombo wako nje ya bakshishi na nje ya msamaha wake. Na nani wako jikoni, ndugu zangu? Ingieni kwa mlango wa nyuma saa nne usiku mhesabu lugha: Kihispania, Kiswahili, Kinyarwanda.

Upande wa pili wako wahudumu wenyewe ambao msamaha huu haukuwapa lolote. Mama mwenye watoto wawili anayepata dola 23,000 kwa mwaka hakuwa akidaiwa kodi ya mapato ya shirikisho hata kabla ya sheria. Huwezi kumsamehe deni asilokuwa nalo. Watafiti wa Yale walikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 37 ya wafanyakazi wa bakshishi walikuwa katika hali hiyo. Anayenufaika zaidi ni mhudumu wa ukumbi wa nyama za bei kubwa mjini kati. Simwonei kijicho, lakini si yeye niliyekuwa nikimfikiria.

Hata hivyo sheria ipo, na sitamshauri mtu aiache mezani kwa sababu mimi sikuipenda. Kwa hiyo wito huu una upande wa pili, unaowahusu ninyi mnaobeba sahani. Sisi tuko pande zote mbili za meza. Anayehudumiwa Jumapili ndiye anayehudumu Jumatatu.

Ninyi wahudumu: andikeni. Nunueni daftari la dola moja, au tumieni simu, na kila mkimaliza shifti andikeni tarehe, bakshishi za noti, za kadi, na mlichotoa kwa wengine. Ili upate msamaha wa bakshishi, lazima bakshishi iwe imetangazwa. Anayeficha noti zake sasa anajificha kutokana na kodi ambayo huenda asingedaiwa, na anabeba hatari bila faida. Kinachobaki kulipwa ni ile 7.65, na hiyo nayo si ya kukimbia. Ndiyo inayojenga pensheni yako ya Social Security, msaada ulemavu ukikupata, na haki ya watoto wako ukifariki. Unahitaji vipimo 40 vya kazi, vinavyoitwa credits, ili uanze kustahili pensheni hiyo, na huwezi kupata zaidi ya vinne kwa mwaka. Mwaka 2025 kila kimoja kilitaka mapato ya dola 1,810 yaliyotangazwa. Aliyefika Marekani akiwa na miaka 50 hana miaka mingi ya kupoteza.

Halafu yapo makaratasi yetu, sisi wahamiaji, ambayo mhudumu aliyezaliwa Amarillo hahitaji kuyawaza. Unataka kumleta mke au mama. Fomu ya udhamini, I-864, inataka uonyeshe mapato yasiyopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Kwa familia ya watu wanne mwaka 2025 hiyo ilikuwa dola 40,187. Ofisa hataki kusikia kuhusu noti ulizopokea. Anataka fomu yako ya kodi. Nimewaona watu wakitafuta mdhamini wa pili kwa machozi, ilhali fedha walikuwa nazo, ila hazikuwa zimeandikwa popote. Nyumba ya kupanga inataka karatasi za mshahara. Mkopo wa gari unataka. Ombi la uraia linauliza kuhusu kodi zako. Kumbukeni pia 2020, migahawa ilipofungwa: fidia ya kukosa kazi ilihesabiwa kwa mapato yaliyotangazwa, na waliotangaza nusu walipata ya nusu.

Hapa pana habari njema ambayo watayarishaji wengi wa fomu za kodi mtaani hawaielezi. Msamaha mpya wa bakshishi hukatwa baada ya mstari wa mapato ya jumla kwenye fomu ya kodi. Maana yake, mapato yako yote yanabaki yakionekana pale ofisa wa uhamiaji anapotazama, na kodi unapunguziwa chini yake. Umesamehewa bila kuonekana fukara. Msimu wa kodi ukifika, kabla ya kumpa fulani dola 300 akujazie, ulizeni maktaba au kituo cha jumuiya kuhusu VITA, huduma ya bure ya kujaziwa fomu kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, na mwende na daftari lenu. Tarehe ya mwisho huwa 15 Aprili, na foleni ya wiki ya mwisho ni ndefu.

Nanyi mliofungua migahawa yetu wenyewe, mnaochoma nyama, kusonga ugali na kukaanga samaki ili tusisahau tulikotoka, msidhani nimewapita. Tangu 2018 sheria ya shirikisho inasema wazi kwamba mwenye mgahawa, meneja na msimamizi hawaruhusiwi kuchukua bakshishi za wafanyakazi. Chupa ya bakshishi iliyoko kwenye kaunta si droo yako ya pili. Na mtumishi wa bakshishi pekee hayupo katika sheria: hata hizo 2.13 ni lazima zilipwe, na ni lazima mfanyakazi aelezwe mapema kwamba bakshishi zake zinahesabiwa kujazia mshahara. Mpwa aliyekuja juzi naye anahesabika. Akiwa mgeni wa nchi ndiyo kwanza anahitaji karatasi ya mshahara yenye jina lake.

Mtaniuliza: kwa nini tusiiondoe hiyo 2.13 yenyewe, badala ya kuzunguka na noti? Naam. Lakini Jiji la Dallas haliwezi kuipandisha kwa waajiri binafsi hata likitaka. Sheria ya jimbo imezuia miji kuweka kima chao. Wenye uwezo huo ni bunge la jimbo pale Austin, linalokutana Januari ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, au Bunge la Marekani. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuiondoa mwaka 2019, nao ukafia Seneti. Wala si kila mhudumu anataka iondolewe. Wapo wanaoogopa kwamba mshahara ukipanda wateja wataacha kutoa, na hofu yao si ya kijinga. Wapigakura wa jiji la Washington walikubali kuondoa kima cha namna hiyo cha kwao mwaka 2018, baraza la jiji likabatilisha, wakakubali tena 2022. Wa Massachusetts walikataa kuondoa cha kwao Novemba 2024. Kwangu mimi mfano wa Minnesota na Nevada unatosha: huko kima kamili kinalipwa, na watu bado wanaacha bakshishi. Mlioapa kiapo cha uraia mna kura. Mbunge wenu wa jimbo ana ofisi wilayani, na simu hupokewa na kijana ambaye kazi yake ni kuandika mlichosema. Mpigieni, mtaje nambari: mbili, nukta, moja tatu.

Wakati hilo likingoja, lipo ambalo vyama vyetu vinaweza kulifanya mwezi huu, na hapa nawageukia waweka hazina wa vikundi, akina mama wa kitchen party, kamati za kipaimara na za kumpokea mgeni kutoka nyumbani. Tatizo letu kubwa mezani mara nyingi si ubahili. Watu ishirini na watano wanalipa kila mtu chake, kila mmoja anaamini mwenzake ameacha kitu, na mwisho wa yote sahani ina dola nne na sarafu. Dawa ni kuitoa bakshishi kwenye bili kabisa. Mkiweka nafasi, ulizeni kwa simu kama mgahawa unaongeza ada ya huduma na kama inamfikia mhudumu. Kama haiongezwi, piga hesabu: watu 25, chakula cha dola 30 kila mtu, ni dola 750, asilimia 18 ni dola 135, inakuja dola 5.40 kwa kichwa. Sema dola sita. Zikusanywe mlangoni kabla mtu hajakaa, katika bahasha, na mtu mmoja anayeaminika aishike. Atakayesema hana noti kwa sababu siku hizi ni kutumiana kwa Zelle tu, amtumie mweka hazina naye atoe noti badala yake.

Bahasha hiyo apewe mhudumu mkononi, na aambiwe kiasi kilichomo ili akiandike.